Ankara Namba Arobaini na Moja

Simu ililia saa nane usiku.
Si ya kupigiwa. Ni ile *ting* ya tovuti
aliyoitega kijana wa Shemdoe
nijue, hapa Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
kila shilingi inapobisha hodi.

*Umepokea malipo. Ankara namba 41.*

Arobaini na moja!
Mazulia mawili ya katani, ya mlangoni,
yaliyokwenda Pongwe kwa Mzee Singano
tangu mwezi wa Rajabu.
Miezi minane jina lake limelala kwenye orodha,
na wekundu ubavuni: *haijalipwa.*
Kila Jumatatu mashine ilimtumia kikumbusho;
mimi nilijidai sijui.

Mlipaji: Hadia Singano.
Chini, kwenye kisanduku ambamo watu huandika
"rangi ya kahawia" au "fungeni vizuri":
*Deni la marehemu baba.
Tumeliona jana kwenye simu yake.
Mtuwie radhi.*

Kabla sijamaliza inna lillahi
tovuti ishamjibu:
*Hongera! Malipo yamekamilika.
Stakabadhi yako hii hapa. Karibu tena!*

Nilitamani niikimbize ile barua,
niivute shati kabla haijafika.

Alfajiri nikafukua kitabu cha zamani,
kile chenye karatasi ya kaboni,
nikaandika kwa mkono, taratibu,
nakala ya chini nayo isome:
Imelipwa. Hatudaiani.

Kisha nikapanda boda hadi Pongwe
kuipeleka mwenyewe,
na kuviombea msamaha
vile vikumbusho thelathini na nne.