Kumbukumbu za Kikao

Kikao kilifunguliwa saa nne u nusu.
Ndivyo nilivyoandika. Kiliitwa saa mbili,
na waliofika saa mbili niliwaona
wakijipepea kwa bahasha ukumbini mwa skuli,
feni moja yazunguka, moja yatazama tu.

Bajeti ya wadi: kurasa mia mbili na kumi na nne,
nakala moja, kwa Kiingereza.
Ikapita mkono hadi mkono kama sahani ya halua
ambayo kila mtu aishika
na hapana anayemega.

Bwana Mwadime alieleza taa za mapambo,
za rangi, barabara nzima. Wageni watapenda.
"Kuna mwenye maoni? Dakika mbili mbili, tafadhali."

Bi Sauda Mbwana wa Kibokoni akasimama,
buibui lake lina chokaa ya ukuta begani.

"Taa twazitaka, mwanangu. Nani apendaye kiza?
Lakini mai ya mtaro yapita mlangoni pangu
tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Mjukuu wangu aenda chuoni
kwa kuruka matofali matatu ndiani.
Sasa mwataka kututilia taa
ili tuyaone vyema?"

Watu waliangua kicheko. Hicho sikukiandika.
Kalamu yangu ina mazoea yake:
mai yakawa maji, ndia ikawa njia,
kisha yote yakafyekwa, ukabaki mstari:
*Mkaazi mmoja aligusia suala la usafi.*

Soda. Biskuti. Sahihi.
Watu sitini na wawili walitia sahihi ya soda,
na orodha hiyo hiyo
Bwana Mwadime akaibana nyuma ya ripoti:
"Andika, wananchi waliafiki kwa kauli moja."

Mlangoni, Bi Sauda. Mikono mitupu.
"Umeniandika?"
Nikasema ndiyo.
"Nisomee."
Nikasoma.
Akakaa kimya, kama atafutaye ufunguo mkobani.
"Na huyo mkaazi mmoja," akauliza, "ni nani?"

Usiku huu Tudor umeme umekatika.
Tochi ya simu nimeiegemeza kwenye kikombe,
ukurasa nimeuchana, naanza tena, polepole,
kwa maneno yake:
*mai ya mtaro yapita mlangoni pangu.*

Neno la bibi yangu, hilo mai.
Skuli walinichapa nililisahau.

Kesho Bwana Mwadime akiniuliza mai ni nini
sitamfasiria.
Nitamchukua hadi Kibokoni,
nimwambie avue viatu.