Rangi za Julai

Mwaka juzi alikuja Hana, akatufundisha rangi.
Mwaka jana Tobiasi: rangi.
Huyu wa sasa jina lake halitamkiki,
ana miaka kumi na saba,
pua imebabuka kwa jua la Kibosho.
Anainua chaki nyekundu: "Redi!"

Tunakodoa macho
kama watu wasiowahi kuona nyanya.
"Redi!"
Anafurahi hadi masikio yanaiva.

Elinami, anayesoma vitabu vya kaka yake wa sekondari,
anamkanyaga Ndeonansia chini ya dawati:
usiitaje bluu kabla hajaionyesha.
Amevuka bahari, jamani.

Jioni, mgombani,
anauliza hii inaitwaje.
Hii mshare, tunamwambia, ile kitarasa,
ile pale mlelembo, na kisukari kule mferejini.
Anaandika neno moja: ndizi.

Tunampigia makofi.