Mwanamke Bado Yuko Ngazini

Jumanne, baada ya Isha, nyuma ya duka la madaftari
hapa Ibra, tunavua viatu, tunakaa zuliani,
watu saba, wiki ijayo huenda sita,
maana Saud amerudisha nakala yake
na kikaratasi ndani: "Nina sukari na presha,
sitaki ugonjwa wa tatu."

Kitabu ni cha Kiarabu, ubishi wetu wa Kiswahili.
Mwanamke anapanda ngazi.
Ndiyo hadithi yote, kurasa tisini,
mkono mmoja ukutani, wa pili una sahani ya tende,
na kila akiinua mguu anamwingia mtu kichwani,
shangazi marehemu, muuza mafuta ya taa,
mvua ya mwaka usiotajwa,
na nukta hakuna.
Nimeitafuta hiyo nukta kama sindano iliyoanguka zuliani:
kwa kiganja, taratibu, nikiogopa kuipata.

Thuwaiba, anayetuongoza, hapendi tuulize "kisha?"
"Kisha ni swali la watoto wasiotaka kulala.
Ulizeni: nani anasema sasa hivi?"
Tukainamisha vichwa. Nani anasema?
Muzna akasema mwanamke. Bi Ghanima akasema sahani.
Tukacheka, halafu tukasoma tena, na wallahi
mstari ule ulikuwa wa sahani.

Hilal, miaka thelathini kwenye visima vya Fahud,
amechora ramani kwa penseli, mishale na tarehe.
Kwake sentensi ni falaji:
inazama chini ya mlima, unaisahau,
inatokea shambani kwa mtu mwingine.
Wote wakaitikia. Mimi sikuitikia.
Mimi ni nesi wa figo. Saa nne, mara tatu kwa wiki,
naitazama damu ikitoka mkononi mwa mtu,
ikizunguka kwenye mashine, ikimrudia mwenyewe
ile ile, na si ile.
Nilitaka kusema hivyo. Nikanywa kahawa.

Juzi tulifika ukurasa wa sitini na mbili
tukakwama. Hata Hilal alikunja ramani.
Kiyoyozi kikanguruma peke yake.
Thuwaiba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio
ingawa ilikuwa safi.
"Mimi pia," akasema, "sijawahi kuvuka hapa.
Mara tatu nimeanza. Ndiyo sababu niliwaita."

Kimya.
Bi Ghanima akamsogezea bakuli la halwa
kama unavyomfanyia mfiwa,
na Muzna, bila kuombwa, akaanza kusoma kwa sauti,
vibaya, akiruka, akirudi,
pumzi ikimwishia pale pasipo pa kupumzikia,
Hilal akampokea, mimi nikampokea Hilal,
hata sijui ukurasa wa sitini na tatu uliingia saa ngapi.

Nyumbani nilikuta wamelala.
Nikabeba kapu la nguo kavu kupeleka juu,
na kwenye kidato cha saba nikasimama,
sabuni ya mche ya mama, Pangani, beseni la bluu,
mgonjwa wa kitanda cha nne akiniuliza kama leo ni jana,
ukuta chini ya kiganja bado na joto la mchana,
kapu likinielemea nyongani,

simu ikalia. Saud, saa tano usiku.
Aliuliza habari za watoto, za kazi, za joto,
kisha, kama mtu asiyejali:
huyo mwanamke wenu, keshafika juu?

Nikamwambia bado.