Umbali: Mita Sifuri

Oda iliingia saa saba kasoro robo,
simu ikalia mfukoni kama kifaranga:
fufu moja, mchuzi wa mbuzi, pilipili kando.
Jiko la Da Ablavi, Be-Kpota, Lome.
Nikaipiga pikipiki teke.

Jiko lake halina bango.
Unafuata sauti tu,
michi miwili ndani ya kinu kimoja,
Akpene na mdogo wake wakipokezana,
na kati ya pigo na pigo mkono wa mama
unaingia, unageuza viazi vikuu, unatoka.
Miaka thelathini na mitatu
haujapondwa hata kidole.

Msichana wa kampuni alipokuja kumsajili
alipiga picha bakuli mara kumi na moja,
kisha akauliza, "Maandalizi huchukua dakika ngapi?"
Da Ablavi akamtazama kama mtu aliyeuliza
mvua ina kilo ngapi.
"Andika: mpaka iwe laini."
Kwenye kishikwambi hapakuwa na nafasi ya kuandika hivyo.
Akaandika ishirini na tano.

Tangu hapo ishirini na tano inatukimbiza sote.
Fufu haipendi kufungiwa, hutoka jasho ndani ya kasha,
inafika imenuna.
Na wateja siku hizi hawashukuru, wanatoa nyota.
Mmoja wa Adidogome aliagiza ademe,
ule mlenda wa samaki wa moshi,
akatoa nyota mbili, akalalamika: *unateleza mno.*
Nilimsomea Da Ablavi.
Alicheka hadi akashika ukingo wa kinu.
"Alitaka ukwaruze?"

Basi siku hiyo, vumbi la harmatani limetanda,
nikafungua ramani nione napeleka wapi.
Pa kuchukulia: kitone chekundu.
Pa kufikishia: kitone kilekile.
Umbali: mita sifuri.
Nikazima simu, nikaiwasha. Mita sifuri.
Jina la mteja: Sitsofe.
Imelipiwa kutoka Winnipeg.
Na chini, penye maelekezo kwa dereva,
pale watu huandika *geti la bluu, usipige honi*:

*Mwambie akae chini.
Ale ikiwa moto.
Usiondoke kabla hujamwona ameanza.*

Nilikuwa nimemjua mama huyu miezi tisa
na sikuwahi kumwona amekaa.
Hula saa kumi, wima, kilichobaki kwenye sufuria,
kwa kidole, akihesabu chenji.

"Ametoa ngapi?" ndilo alilouliza kwanza.
Elfu mbili mia tano.
"Na hao wamekata?"
Wamekata mia tano.
"Mia tano! Kuniletea chakula changu kutoka mkono huu
hadi mkono huu!"
Akawalaani wenye kampuni kwa Kiewe,
taratibu, bila kuruka hata mmoja,
huku Akpene akimsogezea kigoda.

Akakaa.
Akanawa.
Akamega tonge, akalichovya, akalimeza,
nasi tumesimama tumemkodolea macho
kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Chumvi imepungua," alisema.
Hakuna aliyethubutu kucheka.

Akaendelea kula. Alikula yote.
Mfupa aliufyonza mpaka ukapiga mluzi.
Kisha akanipa simu yangu mwenyewe kama karani wake:
"Mwandikie. Nimeanza, nimemaliza.
Chumvi imepungua, kosa ni langu.
Na wewe umekula nini?"

Nikaandika hivyohivyo.
Huko kwao ilikuwa saa moja asubuhi, baridi kali.
Vinukta vitatu vikacheza kwenye kioo,
vikasimama, vikacheza tena,
vikasimama.

Simu ikalia kifaranga: oda mbili, hospitali ya Tokoin.
Da Ablavi akainuka, magoti yakalia,
akashika kiazi na kisu.
"Waambie dakika arobaini," alisema,
na michi ikaanza upya.