Ramani ya Maharagwe

Nilipanda Cimpunda na karatasi kubwa iliyokunjwa
na kalamu tatu: nyekundu ya deni, buluu ya damu,
kijani ya yule unayemwamsha usiku mtoto akishikwa na homa.
Chuoni walinifunza: mtu ni duara, uhusiano ni mstari,
mshale useme nani humwendea nani.

Mwenye nyumba (jina lake limebaki kwake)
aliitazama karatasi kama atazamavyo ufa ukutani.
"Majina hapana.
Orodha huandikwa mchana. Wenye kuisoma huja usiku."

Akainuka, akaleta ungo,
akamwaga maharagwe kwenye saruji.
Hili jeusi ni mimi.
Haya mekundu ni jirani wa juu na jirani wa chini;
hawasemezani tangu mvua ile
iliyoteremsha ukuta wa mmoja jikoni kwa mwenzake.
Lakini bidoni ya maji ni moja. Mtoto huipeleka, mtoto huirudisha.
Nikauliza: huo ni uhusiano, au siyo?
"Andika bidoni."

Lile la madoadoa ni fundi cherehani.
Kila mtu anamdai,
kwa hiyo kila mtu humwombea uzima.

Likelemba ya wanawake kumi na wawili
aliipanga duara, punje kumi na moja na pengo.
Nikadhani amehesabu vibaya.
"Alikufa mwezi wa tatu. Zamu yake ikifika
pesa zinapanda boti, zinamfuata binti yake Goma."
Akaweka kidole penye pengo, akakiacha hapo kidogo.

Na mimi? nikamtania. Niko wapi mimi?
Alitafuta muda mrefu kati ya punje,
akatoa kijiwe,
kile ambacho mpishi yeyote hukitupa kabla ya kuinjika,
akakiweka kizingitini.
Hakukitupa. Hakukiingiza.

Saa kumi na mbili umeme ukakatika.
Akauzoa mtaa mzima kwa viganja,
wadai na wadaiwa, walio hai na pengo lao,
akaupepeta, akauosha, akautia sufuriani.
Jirani wa juu alileta mawese. Wa chini, chumvi,
akapitia mlango wa nyuma.
Tulikula gizani. Nilitafuna watu nisiowajua
na sikuweza kusema nani alikuwa kando ya nani.

Nikitoka niliokota kijiwe.
Sasa kinakandamiza karatasi mezani isipeperuke,
nyeupe bado,
na mikunjo yake yote.