Timazi

Kila Jumatatu, kabla ya misa ya saa moja,
Refugia Tlapale huteremsha timazi
kutoka kitovu cha kuba hadi sakafuni:
uzi mrefu, donge la risasi mwishoni.
Kisha husubiri litulie.
Halitulii upesi. Treni hupita chini ya ardhi,
malori ya bia hupita juu.

"Mbili na nusu," husema, akiandika daftarini
palipoandika babake, na kabla ya babake
mtawa mwenye mwandiko kama nyayo za kuku.
Milimita mbili na nusu, kuelekea kusini.
Jiji la Mexico linazama, na kanisa limo.
Hapa palikuwa ziwa.
Ziwa halijasahau.

Waliolijenga walikuta hekalu la miungu mingine.
Walilibomoa, wakajenga kwa mawe yaleyale,
mekundu, ya volkeno, yenye vitundu kama mkate,
nyuso zilizochongwa wakazigeuzia ndani.
Nyuma ya altare ya Mtakatifu Kiteria
pitisha kidole kati ya mawe mawili:
utagusa manyoya ya nyoka.
Mafundi walijua.
Walikuwa wajukuu wa waliomchonga.

Mnara ni mmoja. Wa pili uliishia kwenye karatasi,
tajiri wa fedha aliyeuahidi akapanda meli kwenda Manila
na hakuandika hata barua.
Refugia humwombea kila mwaka:
uzito wa mnara ule ungekwisha kutuzika.

Tetemeko la mwaka themanini na tano
lilimwangusha Mjane, kengele kubwa,
akatoboa roshani ya waimbaji, akakaa wima sakafuni
kama bibi aliyechoka.
Yupo hapo hapo. Watu humtilia maua mdomoni.

Kwetu husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa ufa hauzibwi.
Hubandikwa kipande cha kioo juu yake, na tarehe.
Kioo kikipasuka, ukuta umesema.
Nilihesabu vioo arobaini na kimoja;
tisa vilikuwa vimepasuka,
kimoja nikisikia, tik,
katikati ya Baba Yetu.

Mwezi Machi alikuja mhandisi kijana, Baltasar,
na mashine ya mwanga mwekundu juu ya miguu mitatu.
Alipima, akapima tena.
"Mama, uzi wako umekosea nusu milimita."
Refugia alikunja uzi wake taratibu,
akaufunga kwenye leso.
"Haukukosea. Kanisa liliinama kukusalimia."

Watoto hawahitaji uzi.
Mahubiri yakirefuka, huweka gololi mlangoni
na kuiachia.
Hupita chini ya mabenchi, kati ya viatu vya wajane,
hukwepa nguzo ya nne, ile iliyovimba,
hupunguza mwendo mbele ya kitubio
kana kwamba inafikiria,
kisha huendelea,
hadi nyuma ya altare,
kwenye ukuta ule wenye manyoya ndani.
Huko ziko gololi za miaka mingi.
Hakuna anayezifuata.