Dakika Thelathini na Moja

Nimepiga hesabu usiku, lindoni Keko,
tochi kwapani, chai imepoa:
safari nne, mapambano manne.
La kwanza refa aliunyanyua mkono wangu.
La pili na la tatu, pointi. Pointi tena.
La nne, kwenye baridi ile, raundi ya pili,
taulo likatua miguuni pangu.
Jumla: dakika thelathini na moja.

Kwa hizo nilikimbia kila alfajiri,
Chang'ombe hadi Mtoni, miaka kumi na miwili,
nikatema mate koponi ili mzani unikubali.
Bibi akauza redio, nikapata pasipoti.
"Kondo," akasema, "jina lako ni vita. Nenda."

Medali sikuleta.
Nilileta sabuni za hoteli, vipande sita,
kila kimoja ndani ya karatasi yake.
Hakuzitumia. Alizificha kabatini, katikati ya khanga,
wageni wakija anawaonyesha.

Siku ya kumwosha, shangazi alifungua moja.
Mimi nilikuwa uani, na wanaume, nimeinama,
harufu ikapita chini ya pazia:
mji ule nilikopigwa.